Nilishuhudia Nimepona, Sasa Nakojoa Damu

Dada Nabilah, nakusikilizaka kwenye redio kila Jumamosi, sikuwaza siku moja nitakuandikia miye mwenyewe. Niko mama wa Kivu ya Kusini, nauzisha samaki ya ndagala hapa Base Camp, mu kambi ya bakimbizi ya Nakivale, Uganda. Wakati binti yangu Divine alikuwa bado mu primeri nilipata kansere ya matezi, banganga ba hospitali ya Mbarara bakanitibu na dawa ya saiklofosfamidi, nywele ikaisha yote, lakini nikapona, na mu kanisa nikatoa ushuhuda, batu bakalia, na tangu siku ile bagonjwa banakuyaka kwangu niwaombee. Leo Divine ameolewa, na miye mukojo yangu inatoka nyekundu, inaacha, inarudia, na haiumi hata kidogo. Bwana yangu Bonaventure aliona ndani ya ndoo, akauliza, "Mama Divine, hii ni nini?" Nikamujibu nilikula beterave mingi, ile mboga nyekundu. Naogopa hospitali, juu jirani yangu Sidonie ameanza dawa ile ile sababu ya ushuhuda yangu, akisikia nimegonjwa tena ataiacha, na kanisa itasema nilidanganya. Nifanye nini?

Mama Divine, Nakivale

(Majina yamebadilishwa.)

Bambi, maskini Mama Divine, pole. Lakini beterave? Mwanamke mzima!

Hukudanganya mtu. Ulipona kweli. Ila dawa ile, mabaki yake yakitoka na mkojo huchubua kibofu, na kwa wachache saratani ya kibofu huja miaka mingi baadaye. Sisemi unayo. Huenda ni kijiwe, huenda kichocho. Mimi sijui, pasta hajui, na wewe unakisia. Damu isiyouma ndiyo watu huizoea mpaka wamechelewa, na ikiwa ni saratani, ikikutwa mapema inatibika.

Mwambie Bonaventure leo. Kesho asubuhi nendeni wote wawili kliniki. Usikubali vidonge tu ukarudi nyumbani. Taja ile dawa kwa jina, sema unakojoa damu, omba rufaa ya Mbarara wakakuangalie ndani ya kibofu kwa kamera.

Sidonie naye umwambie mwenyewe. Asiache dawa, ugonjwa alio nao hausubiri. Anywe maji mengi kama daktari alivyomwelekeza, na akiona damu aseme siku hiyo hiyo.

Mimi Muislamu, sitakufundisha kanisa lako. Ila sidhani Mungu alikuomba umfichie ugonjwa.

Namba yako ninayo. Keshokutwa nitapiga, na nitaongea na Bonaventure kwanza.