Mkanda Uliofungwa Mgongoni

Jumamosi, jioni. Asubuhi mvua ilinyesha ikakatika, na sasa upepo unatoka ziwani taratibu, mpole, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nguo zangu zinakauka kwenye kamba ya shangazi. Mimi mwenyewe bado sijapoa.

Leo tumeijaribu mashua.

Kama hujawahi kunisoma: polio ilinipata mdogo, kwetu Bukiriro, na miguu haijanibeba tangu hapo. Bukiriro ni milima na migomba. Ziwa nililijulia huku kwa shangazi, aliyeolewa na Mzinza, mwenyeji wa ziwani. Likizo moja binamu zangu waliniingiza majini, nikagundua kwamba mikono yangu inaweza kunipeleka nitakako bila kumwomba mtu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwaza mashua ya tanga ambayo mtu asiyetembea ataiendesha mwenyewe. Kupakiwa nimepakiwa vya kutosha.

Kuchora nilijifunza chuoni, kabla sijaanza kufundisha hesabu kule Kasulo. Mchoro huu nimeufuta na kuurudia mpaka karatasi ikatoboka. Kiti kiko nyuma, karibu na usukani. Kamba ya tanga inanifikia mkononi. Chini nimeweka uzito wa chuma ili isipinduke kirahisi. Na kwa kuwa kiuno changu hakijishikilii mashua ikilala upande, kuna mkanda unaofunguliwa kwa mbele, kwa mkono mmoja.

Aliyeiunda ni fundi Masanja wa Nyakahura, mzee wa Kisukuma, mpole, aliyeanza kuunda mitumbwi kabla sijazaliwa. Tulielewana kwa kila kitu.

Nilidhani.

Lori lilipoishusha pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, nikaona kiti kimehamia katikati. Kimewekewa mto wa sponji na kufunikwa kitenge kizuri. Usukani umebaki nyuma kabisa. Hata nijinyooshe vipi siufikii.

"Shikamoo, fundi. Kiti kimekuwaje?"

"Marahaba, mwalimu. Nimekuweka katikati, hapatikisiki sana. Wewe utatulia, usukani nitashika mimi."

Kabla sijamjibu, mashua ikasukumwa majini, na wavuvi wawili wakaninyanyua, mmoja kwapani, mwingine miguuni, kama gunia la maharage, wakaniweka kitini. Hakuna aliyeniuliza. Fundi akanizungushia mkanda, akakaza fundo nyuma ya kiti.

Nikapapasa. Fundo silifikii.

"Fundi, ikipinduka?"

"Haipinduki."

"Ikipinduka?"

"Tutakutoa, mwalimu. Watu tupo."

Watu tupo. Nimeambiwa hivyo kanisani, shuleni, na kwenye zahanati yenye ngazi. Watu huwa wapo, mpaka siku hawapo.

Nikasema nifunguliwe. Shangazi, amesimama ufukweni, akasema, "Mwanangu, acha ubishi. Wenzako wamehangaika." Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakaitikia kwa vichwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: kuonekana sina shukrani mbele za watu, wakati ninachoomba ni nisife maji.

Fundi akanifungua. Nikavaa jaketi la kuelea, nikajitumbukiza majini mwenyewe, nikashika ubavu wa mashua. Kisha nikamwomba mzee yule, kwa heshima yote niliyonayo, akae yeye kwenye kiti kile na kufungwa vilevile. Akacheka. Akakubali.

Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Nikawaambia wale wavuvi wawili waning'inie upande mmoja, mashua ikalala, maji yakaingia yakamfika kifuani. Fundi alikuwa bado anacheka. Akapeleka mkono nyuma, akapeleka na wa pili. Kicheko kikaisha.

"Nitoeni," akasema.

Wakamfungua papo hapo. Shangazi alikuwa ameuficha uso kwa khanga. Mzee wa watu, nimemfunga kama mbuzi. Najua ilivyoonekana. Na nakiri kuna sehemu yangu ndogo iliyoridhika, nami sijaipenda sehemu hiyo.

Fundi alikaa kwenye mchanga, amelowa. Nikajiburuta nikakaa kando yake. Akauliza bila kunitazama:

"Kwa hiyo fundo lije mbele."

"Lije mbele."

"Na kiti kirudi nyuma."

"Kirudi nyuma, fundi. Kama kwenye mchoro."

"Na upepo mkali ukikukuta huko peke yako?"

"Nitaogopa. Kama wewe unavyoogopa."

Akashusha kichwa polepole. Sijui kama ilikuwa ndiyo au ni uchovu. Lakini alipoinuka aliutoa ule mto wa sponji, akaukamua, akaurusha kwenye lori.

Kwa hiyo nimefika ziwani, nimelowa, nimemuaibisha mzee na shangazi hajanisemesha tangu mchana, na mashua yangu haijasafiri hata urefu wake yenyewe. Wavuvi wanasema mwalimu ana kiburi. Labda. Nimejaribu kutafuta namna ya kusema asante na hapana kwa pumzi moja, na katika umri huu bado sijaipata.

Nitamwomba shangazi radhi kabla ya misa. Kwa kumfunga mzee, siyo kwa kukataa kufungwa.

Na Jumatatu, shule ikiisha, nakwenda Nyakahura, mashua ilikorudishwa. Kiti kikipigiliwa misumari, nitakuwa nimekikalia.