Miguu Isiyosikia

Jumatatu, 3 Novemba
Kesho kliniki ya sukari, kwa hiyo leo ni matango na maji. Kila mwezi hivi hivi. Benchi zima la wagonjwa tunajinyima siku moja ili kipimo kisome vizuri, nesi atusifu. Shoga yangu Mwanahawa anaiita tabia hii kufagia uwanja kabla ya mgeni. Njaa inaniuma. Mume wangu anachonga vinyago uani, ananicheka.

Jumanne, 4 Novemba
Nimesifiwa. Mwanahawa kaja na ndala na piko mpaka vifundoni. Bintiye anaolewa Jumamosi. Anaburuta mguu, eti viatu vya harusi alivyojaribu vimembana. Nesi akataka kumkagua miguu. "We mwanangu, n'shapambwa mie, usije ukaniharibia." Tukacheka wote. Kidole chake cha mwisho kilikuwa cheusi kuliko vingine. Nikadhani piko limemkolea.

Jumapili, 9 Novemba
Harusi jana ilifana. Pilau nimekula, sijuti. Mwanahawa hakucheza hata wimbo mmoja, yeye ambaye ngoma ikilia hakai. Nilipoinama kumpongeza nikasikia harufu nyingine chini ya udi. Nikarudi kwenye sahani yangu. Shughuli ya mtu haiharibiwi.

Ijumaa, 14 Novemba
Kalazwa. Kidole kimeoza, sumu inapanda. Wanataka kumkata mguu chini ya goti. Kakataa, anasema atazikwa mzima. Mkaidi huyu. Nimelia nilipotoka wodini.

Jumanne, 18 Novemba
Asubuhi kakubali. Amefariki kabla hawajamfikisha chumba cha upasuaji.

Jumatano, 19 Novemba
Tumemzika. Msibani wanasema sukari imemuua, kazi ya Mungu haina makosa. Bintiye akasema taratibu kwamba daktari kamweleza: presha ilikuwa juu muda mrefu, sukari yake ya kila siku haikuwa ile ya kliniki, na kidonda hakikumuuma. "Kingemuuma mama angekuja mapema." Nina hasira na sijui ni kwa nani.

Ijumaa, 21 Novemba
Damu sebuleni. Nikafuta, nikidhani ni ya kuku niliyemchinjisha. Nikageuka, damu tena. Inatoka kwangu. Kibanzi cha mpingo kimezama kisiginoni na sikusikia kitu. Naogopa. Mume wangu sijamwambia. Tangu tuoane hajawahi kunishika unyayo, naona haya.

Jumamosi, 22 Novemba
Nimemwambia. Hakucheka. Kanipeleka zahanati, wamekitoa. Tuliporudi kafagia ua wote, kona kwa kona. Kanikataza kutembea peku.

Jumanne, 2 Desemba
Jana nilikula kama siku zote. Kipimo kimesoma aibu. Nesi hakunisifu, ila alinitazama miguu yote miwili, katikati ya vidole pia. Daktari kanibadilishia dawa. Wenzangu wa benchi wakanishangaa. Nikawaambia mie sifagii tena uwanja. Pale alipokuwa akikaa Mwanahawa hakukaa mtu.

Jumatano, 3 Desemba
Sasa ni kila asubuhi kabla ya chai. Mume wangu ananikalisha kwenye kigoda chake, anavaa miwani, anapitisha kidole gumba unyayoni polepole, kama anavyopapasa kinyago baada ya msasa. Kidonda kinafunga.
"Hapa wasikia?"
Sisikii.
Akasogeza kidole. "Na hapa?"
Hapo kidogo. Nikamwambia asiondoe mkono kwanza.