Nilipoulizwa Baba Anasikia Nini

Nyumbani, chumba cha nyuma ya mashine,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ipokee kwanza kabla ya jambo jingine lolote, maana leo nina mengi na naogopa nikishaanza nitasahau adabu.

U hali gani? Lile goti limepata nafuu? Mama anauliza kama bado unapanda zile ngazi zote kwa miguu. Anasema kama lifti yao bado imekufa, basi ama wakuhamishie wewe chini ama waishushe ghorofa. Binamu zangu nao hawajambo? Yule mdogo ameacha kung'ata kucha?

Sisi huku ni wazima. Mama analalamikia macho tu, anadai yanamsumbua kwa makusudi. Kaka yangu Redio, ambaye bado tunamwita hivyo na bado hazimiki, ndiye anayefungua mashine ya kusaga asubuhi siku hizi. Baba ni mzima kabisa. Masikio ni vilevile ulivyoyaona ulipokuja mara ya mwisho, yaani yamekwisha, lakini nguvu anazo. Anatupia gunia la nafaka begani huku akimwambia Redio atazame watu wazima wanavyofanya kazi.

Shangazi, nilikudokezea kwa simu kwamba nimeomba ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili ng'ambo, kwenye mambo ya usikivu. Nafasi ni moja tu kwa mwaka mzima. Ningeikosa nisingekuwa na njia nyingine ya kwenda, ningebaki kliniki ya masikio, kuwavalisha wagonjwa hedifoni ndani ya kile kibanda chetu kisichopitisha sauti na kuwauliza, "Umesikia? Na sasa, umesikia?" Ni kazi nzuri, siidharau. Ila nilishaona kitu, na nikishaona kitu mimi siwezi kutulia. Unanijua.

Nilichokiona nilikiona chuoni, kwenye hadubini. Mwalimu aliweka kipande cha sikio la ndani la mnyama, kidogo kuliko punje ya unga. Niliinama nikitegemea kuona kitu kama nyama. Nikaona shamba. Vinyweleo vimesimama kwa safu, vimenyooka, vinangoja. Sauti ikiingia, alisema, vinainama, na huko kuinama ndiko kusikia. Kelele zikizidi vinalala, na vikilala havinyanyuki tena. Nilishika meza kwa mikono miwili. Nilifikiri: basi ndani ya baba yangu kuna shamba lililolala, na lilianguka pale pale tulipokuwa tunacheza, na hakuna aliyeliona likianguka.

Kwa hiyo niliomba. Katika insha ya maombi nilieleza vinyweleo, nikaeleza kliniki, nikaeleza utafiti ninaotaka kufanya. Baba sikumtaja. Daktari wangu wa kliniki aliposoma alinishangaa. "Binti, una baba aliyezibwa masikio na mashine, na hujaandika hata mstari mmoja? Watu wanatafuta habari kama hiyo kwa tochi!" Nyumbani nako Redio akadakia, "Muuze tu mzee, kwanza anakaa bure ghalani." Mama akamtupia kitambaa. Tulicheka, lakini mimi sikubadilisha neno. Sikutaka watu wasiomjua wamwonee huruma ili mimi nipate kiti darasani. Niliona ni heshima. Sasa sina hakika kama ilikuwa heshima tupu, na utaona kwa nini.

Waliniita kwenye usaili Jumamosi moja asubuhi. Ulifanyika kwa video, nikiwa nimejifungia chumba cha daktari na kompyuta yake. Upande wa pili walikaa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, bwana mmoja mwenye ndevu, na kijana mmoja mwandishi wa mambo yao. Waliuliza, nikajibu. Nilijibu vizuri, Shangazi, nasema bila maringo. Lakini niliona nyuso zao zinapoa, kama wateja wanaosifia unga na hawanunui.

Mwisho mwenyekiti akasema, "Tupe dakika tushauriane, usiondoke." Wakazima maiki. Kamera wakaiacha.

Wewe umekulia kwenye mashine hii, umeshajua kilichofuata. Mtu mwingine angeona watu watatu wanachezesha midomo. Mimi nililelewa ndani ya ngurumo, ambako hakuna anayepiga kelele kwa sababu ni kujichosha bure. Unamgusa mtu bega, unasimama mwanga ukupige usoni, unafungua mdomo sawasawa, mwenzako asome midomo. Baba husema mtu akijaa unga usoni anaongea kwa kigugumizi. Na unajua pia tulivyofundishwa: midomo ya asiyesema na wewe huiangalii. Mama alikuwa anatufinya kwa hilo. Nikashusha macho, naapa. Nikaangalia meza. Kisha nikayapandisha, maana maisha yangu yalikuwa yanazungumzwa pale.

Bwana mwenye ndevu alikuwa anasema, "Sikio analijua. Lakini mtu asiyesikia hajamtaja hata mmoja. Sidhani kama amewahi kukaa na mtu wa namna hiyo, mbali na hao anaowapima."

Nami nikajibu. Kwa sauti! "Nimekaa naye maisha yangu yote. Ni baba yangu."

Walivyogeuka, ungefikiri nimetokea chumbani mwao. Kijana aliangalia alama ya maiki, akaangalia mwenzake, akaangalia tena alama. Mwenyekiti akaiwasha. "Umetusikia?"

"Hapana, mama. Nimewaona. Naomba radhi, nyumbani kwetu ni utovu wa adabu."

Nilijua nimeharibu. Lakini hakuna aliyekasirika. Wakataka nieleze, nikaeleza: mashine, mkanda unaozunguka, jinsi tunavyosimama, jinsi Baba alivyopoteza sauti moja moja, kwanza ndege, kisha watoto, kisha wanawake, mwisho hata injini yake mwenyewe, ambayo sasa anaijua kwa mtetemo wa sakafu miguuni. Nilikuwa nasema mambo niliyokuwa nimeyafungia kabati, na hayakuwa na huruma hata kidogo. Yalikuwa na baba yangu tu.

Bwana mwenye ndevu akauliza, "Kwa nini hukuyaandika?"

"Sikutaka kumuuza."

Ndipo mwenyekiti akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nasisimka. Alinyoosha kidole, akazima maiki kwa makusudi. Akavaa miwani, akasogea karibu na kamera, akageuza uso kidogo mpaka mwanga ukampata. Profesa mzima, hajawahi kuniona, anahangaika kufungua mdomo polepole kama Mama anapomwita Baba chakula. Bila sauti akaniuliza:

"Baba yako anasikia nini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Najua asichokisikia, nimempima mwenyewe kibandani mara nyingi, najua kila alama ya karatasi yake. Anachokisikia sikuwahi kumuuliza. Hakuna kati yetu aliyewahi. Nikasema, "Sijui."

Akaniambia, bado bila sauti, "Kamuulize."

Usaili ukaishia hapo.

Nilimuuliza Jumamosi ile ile mchana, tulipokwisha kufunga. Alikuwa amekaa juu ya mizani anajikung'uta unga. Nilimgusa bega, nikasimama kwenye mwanga wa mlango.

"Baba, unasikia nini?"

"Sisikii. Ndiyo maana ya uziwi, msomi."

"Najua. Lakini ndani, kuna nini?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya kwake mwenyewe. Akasema kuna mvumo usiokoma, hilo alilizoea. Kisha akasema, kwa ile sauti yake asiyoweza kuipima, kubwa, ya kawaida tu, "Na nyinyi nawasikia."

Nikamwambia haiwezekani.

"Mama yako akifungua mdomo namsikia. Ana sauti ya mwaka tuliooana, kabla hajajifunza kugomba. Redio ana sauti ya kifaranga, hakuwa amebalehe. Ananikaripia habari za kubeba magunia na mimi nasikia kifaranga, utacheka?" Alikuwa anacheka. "Shangazi yako, yeye maneno yake yamenipotea. Kucheka kwake ninako."

"Na mimi?"

"Wewe uko darasa la tatu. Umeng'oka meno ya mbele, unasema kwa kithembe."

Shangazi, sijui kama naweza kukueleza. Nimesoma miaka yote hii, nimepima mamia ya masikio, na kila siku nimesimama mbele ya baba yangu nikiwa mtu mzima, namweleza habari za kazi, za kodi, za kuomba ufadhili, na yeye amekuwa akiyapokea yote kutoka kwa mtoto wa miaka minane. Hajawahi kuisikia sauti ninayoandikia barua hii. Haitamfikia kamwe. Badala yake ana ile niliyoipoteza mimi mwenyewe. Hakuna kanda iliyoirekodi, Mama ameisahau, mimi siikumbuki. Iko mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa cha mtu ambaye kwenye karatasi zetu tumeandika hasikii kitu. Nilimtazama ule uso mweupe wa unga nikaogopa, kama unavyoogopa ukisimama mahali pa juu sana. Yeye akaomba maji ya kunywa.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Kliniki nilikuwa nikimtoa mgonjwa hedifoni namtazama nikijiuliza, na huyu je, ana nani humo ndani? Siku moja nikamuuliza bibi mmoja. Akanishika mkono, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo, akaanza kunihesabia watu wake. Foleni nje ililalamika. Niliiacha ilalamike.

Basi Alhamisi hii, barua pepe ikaja. Niliisomea mlangoni kwa daktari, nikaisoma tena kwenye ngazi. Wamenichukua, Shangazi. Nafasi ile moja ni yangu. Masomo yanaanza Septemba. Chini yake mwenyekiti ameongeza maneno yake mwenyewe, anataka nikifika nimweleze Baba alijibu nini.

Nilikimbia mpaka nyumbani na koti la kliniki. Mashine ilikuwa inanguruma, ghala limejaa wateja na magunia yao. Sikungoja ifungwe. Nilipenya, nikamgusa Baba bega, nikasimama kwenye mwanga. Sikutoa sauti hata kidogo. Nilifungua mdomo tu: "Baba, wamenichukua. Nakwenda."

Alisoma. Nikaona macho yanahama, kwanza kwenye midomo yangu, kisha kwenye uso mzima, kisha juu mpaka kwenye nywele, kana kwamba ananilinganisha na mtu mwingine aliyesimama hapo hapo nilipo. Halafu akageukia wateja, na kwa ile sauti inayoshinda injini akawauliza wote:

"Jamani! Katoto kadogo hivi, wanakapeleka wapi?"

Watu walinitazama, mwanamke mzima mwenye koti jeupe, wakamtazama yeye, hawakuelewa. Redio alielewa, akageukia ukutani. Mimi nililia mbele ya magunia yote yale, na Baba akaleta mkono anishike kichwa, chini chini, pale ambapo kichwa changu kilikuwa zamani, mkono ukakuta bega. Akaupandisha.

Hizo ndizo habari zangu. Nakwenda kusoma hilo shamba lililolala na yule mtoto mwenye kithembe anayesema ndani yake. Nikikwama huko ugenini nitakupigia wewe kwa video, na tafadhali kaa kwenye mwanga.

Nisalimie binamu zangu wote, na jirani yako muuguzi aliyekutunza ulipoumwa. Mama anakusalimu na anasema goti likandwe kwa maji ya moto, usibishe. Redio anakusalimu kwa maneno mengi ambayo karatasi haiyatoshi. Baba hakutuma salamu. Nilipomwambia nakuandikia, alitabasamu tu peke yake, nadhani ulikuwa unacheka.

Mungu akulinde katika kupanda na kushuka kwako, akupe afya, na akutunzie wote unaowapenda, waliopo karibu na waliopo mbali.

Ni mimi mwanao, akupendaye daima,

Binti wa kaka yako