Uliniuliza Kama King'ora Kililia

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa mbali,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi bibi yako. Hujambo? Baridi ya huko imepungua? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kama gari bovu? Na kula, unakula? Usinijibu kwamba unakula. Huyo rafiki unayeishi naye amemwambia mama yako kwamba sahani unairudisha kama ilivyokuja. Mtu mzima anayebembelezwa kula ni aibu kwa aliyemlea, na aliyekulea ni mimi.

Sisi huku tupo. Kusema hatujambo siwezi, mdomo wenyewe utanicheka. Goti langu ni lile lile. Mama yako anafua, anafagia, kisha anafua tena nguo ambazo hazijavaliwa. Kitanda cha dada yako amekitandika na hataki mtu akikalie. Jana nilikikalia makusudi. Akanitazama, akatoka nje, na hadi sasa hatujasemeshana.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mjomba wako alitaka kuniandikia kwenye simu, nikakataa. Yapo maneno yasiyopitishwa kwenye mdomo wa mtu mwingine. Herufi zangu utazivumilia, shule niliiacha kabla haijaniacha.

Tuje kwenye neno lenyewe. Tangu tumzike dada yako, kila unapopiga simu unauliza jambo moja. King'ora kililia? Ile kamera uliyoiombea kwa wakubwa wako ikafungwa kwenye kiwanda cha kushona alichofanyia kazi dada yako, ile uliyosema ina jicho la kutambua bunduki kabla binadamu hajaitambua, ilifanya kazi au haikufanya? Mama yako akakujibu umeme ulikatika. Mlinzi wa geti naye akakujibu hivyo hivyo, kwa sababu mama yako alimwomba. Na sasa nasikia hulali, unahangaika na betri, ili kwingine umeme ukikatika jicho lisifumbe.

Umeme haukukatika, mume wangu. King'ora kililia.

Kama umesimama, kaa chini.

Kile chumba umekiona kwenye picha tu, kwa hiyo nakueleza. Cherehani zimepangwa mbele, wapiga pasi wako nyuma karibu na mlango wa uani. Kuna ukumbi mwembamba unaotoka stoo. Fundi mkataji, yule wanayemwita Mkasi, hupita ukumbini humo na jora la kitambaa begani, limeviringishwa kwenye bomba la chuma, na bomba limechomoza mbele. Wakataji wote hubeba hivyo tangu mimi ni msichana. Basi jicho lako likimwona linapiga kelele. Asubuhi kelele, mchana kelele. Siku za mwanzo watu waliruka chini ya meza, mmoja akajipitishia sindano kwenye kidole. Wakachoka kuruka. Kisha wakaanza kucheka.

Na aliyeanzisha mzaha unamjua, maana mdomo wa dada yako haukuwa na breki, aliurithi kwangu. King'ora kikilia, yeye hainui hata kichwa, anasema, "Karibu jambazi, leo umechelewa." Mkasi naye anajibu, "Foleni, dada. Watu wa kuibia ni wengi." Chumba kizima kinaangua kicheko, cherehani zinaendelea. Alikurekodia akakutumia. Wewe ukamrudishia vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi, ukamwandikia kwamba bosi asizime, mashine itajifunza yenyewe. Sikulaumu. Nyumba nzima tulicheka. Lakini mashine haikujifunza. Waliojifunza ni watu.

Siku ile Mkasi alikuwa stoo anapima kitambaa. Aliyepita ukumbini ni yule fundi aliyekuwa akitengeneza cherehani zao, aliyefukuzwa kazi. King'ora kikalia, sawasawa kabisa kama ulivyokifundisha. Dada yako, kichwa kimeinamia mshono, akasema maneno yake. Karibu jambazi, leo umechelewa. Wenzake wakacheka. Hakusema lingine tena, na wale walioketi naye safu ya mbele hawakucheka tena.

Hapo niliweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Nimerudi.

Usisome nusu ukaitupa barua, maana nakujua. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mgeni, ameanza kazi ya pasi wiki ileile. Hakuna aliyekuwa amemweleza mzaha. Aliposikia mlio aliiacha pasi juu ya shati la watu, akamkamata mwenzake mkono, akapiga ukelele, wakatoka kwa mlango wa uani. Waliobaki nyuma kuwaona wanakimbia, nao wakakimbia. Shati liliungua likaisha. Wapiga pasi wote wako hai, wanarudi kwa watoto wao. Wako hai kwa sababu kitu ulichokitengeneza kililia na akapatikana mtu mmoja wa kukiamini. Hilo nalo liweke moyoni, usichague yale ya kukuua tu.

Yule mama alikuja hapa kunipa pole. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kukopa. Akaniuliza, "Bibi, mbona mimi nilikimbia na wao hawakukimbia? Niliwaona wanacheka, nikajisemea labda mimi ndiye mshamba." Nilimshika mkono tu, tukakaa mpaka maji yakachemkia jikoni yakakauka.

Mkasi hali yake mbaya. Kiwanda kimefunguliwa tena, lakini hataki kuweka jora begani, analiburuta sakafuni na kitambaa kinachafuka. Alinijia akaniambia, "Bibi, mimi ndiye niliyewazoesha." Nikamgombeza mpaka majirani wakachungulia. Nilimwambia alikuwa amebeba kitambaa, na kitambaa si dhambi. Aliondoka analia, lakini walau aliondoka ameninunia mimi, si nafsi yake.

Jambo jingine. Unasema utatengeneza jicho lililo bora zaidi. Sawa, litengeneze. Lakini jicho lako linaona bunduki ikiwa imekwisha kutolewa, na mtu amekwisha kuamua. Huyo fundi aliyefukuzwa, mke wake alikwenda polisi kabla ya siku ile. Akawaambia mume wake halali usingizi, anasema atawamaliza wale wa kiwandani, na kuna kitu amekificha juu ya dari. Wakamwambia nenda nyumbani mama, wanaume wakifukuzwa kazi husema mengi, hajafanya kosa bado. Majirani nao walimsikia. Wakasema ndivyo alivyo, atatulia. Mimi nakwambia huyo mke ndiye king'ora cha kwanza, na chenyewe kililia kwa sauti ya binadamu, na watu wakaendelea kushona. Sasa sijui huko kwenu kuna mashine ya kuwafanya watu wageuze kichwa. Kama ipo, anza na hiyo.

Mama mzazi wa yule fundi nilimwona dukani. Watu walimpisha kama moto. Sikumsalimia, na sitasema uongo kwamba nilimhurumia. Labda mwakani.

Utaniuliza kwa nini nimekuvunjia maneno ya mama yako. Yeye alikudanganya kwa huruma, alitaka ubebe umeme usibebe kicheko. Umeme ni mzigo mwepesi, hata mimi ningekuachia. Lakini nasikia wakubwa wako wanafunga kamera hizo mashuleni na masokoni. Huko nako kuna mtu anapita na ufagio, mwingine na mwamvuli, mwingine na bomba la maji, na king'ora kinalia, na wapo watu sasa hivi wameanza kucheka. Wewe ukikaa na betri yako, nani atawaambia? Ningenyamaza, ningekuwa nimewazika na wao.

Kwa hiyo fanya ninavyokuambia, usinibishie. Kwanza kula. Pili, hiyo habari ya kuacha kazi nisiisikie. Ulichokosea huwezi kukirekebisha ukiwa umelala na blanketi kichwani. Tatu, ukipata ruhusa uje, na usije kwa ajili ya kulia kaburini tu. Uende kiwandani kwa dada yako. Ubebe jora begani wewe mwenyewe, upite ukumbini, urudi, upite tena, kutwa nzima kama Mkasi, mpaka jicho lako likujue. Ukae na wale wanawake usikie wanaongea nini, lini wanachoka, lini wanaacha kuinua kichwa. Kamera ilifungwa na kijana aliyeingia na ngazi akatoka na ngazi. Hakuna aliyewahi kukaa humo ndani akafanya kazi yao.

Nimelia pia, usidhani bibi yako ni jiwe. Nalia nikiwa naoga, maji yanafunika. Kinachoniuma ni kwamba nikiyakumbuka yale maneno yake nacheka kwanza, kisha ndipo nakumbuka. Alikuwa mcheshi yule mtoto. Mungu alimpa.

Mjomba wako mjenzi anakusalimu, amepandisha ukuta wa uani na umepinda kama kawaida yake. Shangazi yako muuguzi anakusalimu, anasema dawa ya kifua umalize yote. Mapacha wa jirani wanauliza utawaletea nini. Nimewaambia usingizi, wakanuna. Nisalimie huyo rafiki yako, mwambie ana ruhusa yangu ya kukulisha kwa nguvu.

Mama yako hajui kuhusu barua hii. Ukipiga simu atakuambia tena habari ya umeme, kwamba ulikatika asubuhi, kwamba hata mtaa mzima ulikosa umeme. Mwache akuambie mpaka amalize. Ndilo jambo pekee alilokuwa nalo la kukupa. Mwitikie, "Ndiyo, mama," na umshukuru.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe usingizi, na akulete nyumbani miguu yako ikiwa mizima.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bibi yako