Babu, Pumzi Haikufika Makaburini

Babu, mume mwenzangu,

Kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa hakuna mwanamume mwenye mapafu kama yangu. Korona iliingia pande zote mbili, ikakuta nyumba ina mwenyewe, ikatoka inaomba radhi. Hayo ndiyo ninayowaambia wana pale stendi ya Ruangwa, na wananiamini. Mtu akishasema alilazwa kwa mtungi wa oksijeni, anapewa kiti na soda.

Wewe usingeniamini, ndiyo maana nakuandikia.

Bibi, mke wetu, hajambo. Naambiwa anasali, anakula kidogo, halafu anapakua ugali wa watu watatu na kubaki anautazama. Namtania kwa simu kama zamani, kwamba sasa amebakiwa na mume mmoja, tena kijana, ashukuru. Juzi alicheka. Nimekuandikia ujue kwamba alicheka, ila mimi ndani hakikutikisika kitu. Niko hivyo tangu uondoke. Watu wakilia mimi naangalia viatu vyao. Shangazi anasema nimekuwa jiwe, na sikumbishia, maana hata kubisha kunataka nguvu.

Nakumbuka kule hospitali Nachingwea. Walikukataza kuingia wodini, ukahamia dirishani. Mimi nimelazwa kifudifudi kama mjusi, kidude kimenibana kidole, na wewe unapaza sauti wodi nzima isikie: "We mtoto, unapumua au unasinzia?" Nesi akakufukuza, ukatokea dirisha la pili. Siku ile nilikuwa naogopa kufa, Babu. Nikakwambia wali wao hauna chumvi.

Halafu daktari akaturuhusu na maneno yake mengi. Nimonia imeacha makovu mapafuni, yatapona lakini taratibu. Nitembee kila siku, nikichoka nipumzike, nisishindane na mtu. Nivute hewa kwa pua, niitoe kwa mdomo polepole kama anayepoza uji. Nikae mbali na moshi na vumbi. Mimi wa kidato cha pili niliyeishia njiani nilishika nusu. Wewe ulishika uji na kutembea.

Tulipofika nyumbani Malolo mke wetu alikuwa ameshabandika chungu cha majani, anifukize chini ya blanketi. Ukamwambia huo nao ni moshi, tena wenye maji. Mkanuniana mpaka jioni. Kesho yake asubuhi ukanitoa nje. Nilifika mkorosho wa kwanza nikakaa chini, kifua kinapiga filimbi. Wewe umeegemea jembe unaniangalia. "Poza uji," ukasema. Basi.

Ikawa hivyo kila siku. Nikizoea mkorosho mmoja unaniongezea mwingine, na kunisifu hukunisifu. Ulisema kobe wa kule bondeni ameniulizia, anataka mashindano. Siku niliyofika mpakani mwa shamba na kurudi bila kukaa, nilisimama mbele yako nikisubiri neno zuri. Ukasema kesho nirudi na kuni.

Nilikasirika, nikakuuliza haya matembezi mwisho wake nini. Ukaacha kupalilia. Ukasema Baba hayupo, na siku yako ikifika wa kushuka kaburini kukupokea ni mimi, sio mtu wa kuokota njiani. "Mabega unayo," ukasema. "Tunatafuta pumzi."

Nikakujibu nitakubeba peke yangu na wewe utakuwa unalalamika nakukimbiza.

Ukaja msimu wa salfa, dawa ya mikorosho. Unajua Malolo inavyokuwa, kabla ya jua mabomba ya kupulizia yananguruma kila shamba, na ule unga wa njano umening'inia kwenye majani. Kijana anayekwenda mjini wakati huo anaonekana mvivu, hata mchumba hapati. Wewe ukanipakia bodaboda, ukanipeleka Ruangwa kwa shangazi, bomba ukampa mtoto wa jirani, Saidi. Wazee wakakucheka msikitini kwamba unalea mwali. Nikaambiwa uliwajibu, "Ndiyo, nikimtoa mtamwona."

Nilikuwa huko huko kwa shangazi ilipopigwa simu. Ulisali alfajiri, ukaegemea ukuta, ukaishia hapo. Hukuumwa hata mafua. Mimi mwenye makovu nilikuwa nakunywa chai.

Mazishi yalikuwa na watu wengi, ungefurahi. Nilishika jeneza mbele, upande wa kulia, kutoka msikitini. Shangazi alinipa barakoa, nikaitia mfukoni, nani anambeba babu yake amejifunga mdomo. Unajua sisi tukibeba hatusimami, watu wanapokezana mabega njia nzima na mwendo ni wa haraka. Na njia ya makaburini inapita katikati ya mashamba yaliyopulizwa asubuhi ile ile.

Mapafu yanaendelea, usiwe na wasiwasi. Nilirudi hospitali Nachingwea, daktari akanisikiliza mgongoni, akasema chini kabisa bado kuna sauti, nisiache kutembea. Siachi. Jioni natoka kwa shangazi mpaka sokoni, polepole, watoto wananipita wanaimba. Msimu wa salfa ukiisha narudi Malolo kwa mke wetu, nitaokota korosho zako zote na sitamwacha ale peke yake. Hilo nakuahidi, na hili sio la kule stendi.

Pumzika, mume mwenzangu. Mungu akupanulie hapo ulipo.

Kuna jambo moja limebaki. Mke wetu aliniuliza, nikamwambia nilishuka, nikakupokea kwa mikono yangu, nikakulaza upande wa kulia kama unavyotakiwa. Wanawake hawakuja makaburini, na waliokuwepo hawajamwambia kitu. Babu, sikushuka. Ule unga ulinikamata kabla hatujamaliza shamba la kwanza. Mtu akaingiza bega lake chini ya langu kama kawaida, jeneza likaenda, na hakuna aliyegeuka. Nilichuchumaa kwenye mkorosho nikipoza uji, nasikia sauti zao zinakwenda mbali, na hewa haiji. Nilipofika walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe. Aliyekupokea ni Saidi.