Honi Ambayo Hukunipigia

Baba Minza, mkwe wangu,

Usishtuke kuona nakuandikia mimi mwenyewe. Miaka yote ya ukwe wetu hatukusemezana uso kwa uso, na jina lako silitaji hata leo; nitakuita kwa jina la mwanao kama nilivyozoea. Watakaoisoma barua hii watacheka. Waache wacheke. Sisi Wasukuma wa zamani, mama hakutani ovyo na mume wa binti yake. Akimwona anakuja, anampisha, na maneno yao yanapitia kwa binti. Sasa huyo binti, Kabula wangu, hana namna ya kuyafikisha huko uliko. Nimeona niyalete mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa? Wewe uani, mimi jikoni, katikati yetu ukuta wa tofali moja. "Mama Minza, mwambie mama shikamoo." "Mwambie marahaba, na aniambie kwa nini amekonda." Na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa! Kabula akichoka anasema, "Jamani, si mmesikiana?" Basi tunacheka wote watatu, wewe huko na sisi huku.

Halafu ukanunua ile pikapu ya dizeli yenye tabo. Fundi mzima, ukaihangaikia mpaka injini ikatulia. Na mteremko wa kwetu unavyoshuka kutoka barabara ya Kahama, gari lilikuwa linajiendea taratibu bila kukanyagwa mafuta, halisikiki mpaka lifike. Ndicho kilichotuponza. Siku hiyo naanika michembe ya viazi, kanga nimeifunga kifuani, kichwa wazi. Nageuka, nakuona umesimama hapo karibu na banda la kuku! Nilitupa ungo, viazi vyangu vikawa karamu ya kuku, nikakimbilia ndani na kujikwaa kizingitini. Nilisikia ukiwasha gari na kuondoka hata maji hujanywa. Aibu ilitushika wote wawili, na kwa muda mrefu ukawa huji.

Kabula alikushauri upige honi ukikaribia. Ukamjibu, "Nimpigie mkwe wangu honi? Kama namfukuza ng'ombe barabarani?" Kunipigia simu nayo haikufaa, maana yangu inalala kitandani mimi nikiwa shambani.

Jumapili moja ukaja na Kabula na mdogo wako, Maduhu, mkalisimamisha gari kule mwisho wa uzio wa minyaa. Mimi nikiwa ndani, nikasikia boneti likifunguliwa. Ulikuwa na kidude ulichokitoa kwenye gari dogo la petroli, nyinyi mafundi mnakiita dampu valvu. Ukamweleza Kabula kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikajua unanieleza mimi. Ukasema gari la petroli, dereva akiachia mafuta, njia ya hewa inajifunga, upepo unaosukumwa na tabo unakosa pa kwenda, na hapo valvu inafunguka kuutoa nje. Dizeli yako haina kifungio hicho, upepo unaingia zake kwenye injini bila shida.

"Sasa unaifunga ya nini?" Kabula akauliza.

"Ya mlio tu."

Kabula alinisimulia baadaye: ukakata bomba la hewa, ukaipachika valvu na kuibana kwa klipu, ukavuta waya hadi kwenye swichi uliyoifunga chini ya pedeli ya mafuta, ili ukiinua mguu tu valvu ifunguke. Maduhu alikuwa anakucheka. "Kaka, mafundi wenzako wakiona hii kwenye dizeli, utahama mji."

"Wanicheke tu. Kuna mtu nataka anisikie kabla hajaniona."

Ukakanyaga mafuta, ukaachia. Pshaaa! Kuku wote wakaruka. Ukasema, "Mwambie mama, akisikia hivyo ni mimi. Asikimbie, mimi nitasubiri hapa kwenye minyaa."

Nikajibu, "Mwambie gari lake limepata mafua." Hilo ndilo neno pekee nililopata kukwambia siku hiyo. Lakini nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga, Baba Minza, nalia. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunihangaikia hivyo.

Tangu hapo nikawa mtu mwenye raha. Pshaaa kule kwenye minyaa, nami nainuka polepole, nachukua ungo wangu, najitanda kanga, naingia ndani kama malkia. Majirani walidhani unaringa na gari. Niliwaacha wadhani.

Halafu ukapata kazi ya kutengeneza malori huko Geita. Uliondoka na basi, pikapu ukamwachia Maduhu. Sina mengi ya kusema juu ya huko. Uliingia chini ya lori, jeki ikateleza. Basi.

Mimi sikujua. Kabula alikuwa amekuja kwangu, tunabangua karanga. Pshaaa! Kabula akaruka kwa furaha, "Mama, mkweo huyo! Karudi mapema!" Nikainuka, nikajitanda, nikaingia ndani na kumwambia abandike chai. Nikasimama nyuma ya mlango kusubiri "mwambie mama shikamoo" yangu. Nikasikia sauti ya chini, sikuyashika maneno. Kisha Kabula akapiga ukunga.

Mwanangu analia, anagaagaa kwenye maganda ya karanga, na mimi nimesimama nyuma ya mlango, sitoki. Nilijua uko uani. Gari lilikuwa limelia, kwa hiyo uko uani, na nikitoka tutakutana. Nilikuwa nakulaani kimyakimya, nikisema umemfanya nini binti yangu. Ndipo Maduhu akasogea mlangoni akasema, "Toka tu, mama. Hayupo."

Ee Mungu wangu. Toka tu, hayupo.

Baada ya msiba Maduhu aliendelea na pikapu, anabeba pamba na abiria. Kila ikilia kwenye minyaa, mimi naingia ndani. Mwili wenyewe unakwenda. Kabula yeye anaziba masikio. Mwisho akaniambia, "Mama, Maduhu aitoe. Kila ikilia nakuwa mke wa mtu tena, halafu nafiwa upya." Nilikataa. Nilikuwa mkali, nikamwambia kile kitu kilifungwa kwa ajili yangu, si chake. Akainuka na kwenda zake, macho yamevimba kwa kukesha. Wewe ulinihurumia mimi nisiaibike kwenye uwanja wangu mwenyewe. Mimi nimnyime binti yangu usingizi? Nikamwambia Maduhu aje na spana.

Jana aliniletea mahindi. Gari lilishuka kimya kutoka barabarani, likapita minyaa kimya, likaja kusimama mbele yangu kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kichwa wazi. Sikuinuka. Sina mkwe wa kumpisha.

Kwa hiyo leo nakusemesha bila kumtuma Kabula. Ahsante, baba. Kila ulipofika kwenye minyaa nilikusikia, na kila mara nilifurahi kuwa ni wewe. Nilipaswa kukwambia hilo badala ya habari za mafua.

Pumzika. Mkeo na mwanao niko nao.

Mkweo,
mama yake Kabula