Kundi Lisilo na Jina

Meru Mjini,
Jumapili asubuhi.

Kaka Jamaldin,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Rahema na watoto, na kwamba bucha ya Runyenjes ina wateja. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inachemka.

“Mchoro ni mchoro. Mtazamaji haoni makundi.” Hayo ni maneno ya Salesio, mchoraji mwenzangu, na nasikia alipokupigia simu kunishtaki ulimwambia hajakosea. Wewe, Kaka! Wewe unayetundika mbavu kwenye ndoano yake, maini kwenye yake, na matumbo ukayawekea beseni mbali! Mteja wako naye hauoni mpango huo, lakini angekula nini ungevitupa vyote karai moja?

Nikueleze, maana umehukumu usichokijua. Picha ya ukuta wa soko la Gakoromone tunaichora kwenye kompyuta. Kila kitu kina tabaka lake, kama nailoni isiyo na rangi iliyolazwa juu ya nyingine: mwavuli tabaka moja, kivuli chake jingine. Matabaka ya kitu kimoja mimi huyakusanya katika kundi na kuliandika jina. Nikisogeza kundi, vyote vinakwenda pamoja. Salesio alikuwa na matabaka mia moja na arobaini, yametapakaa, hata moja halina jina. Karwirwa, mwenyekiti wa akina mama wa soko, alipoomba mwavuli usogezwe, Salesio aliusogeza akasahau kivuli, kikabaki kwenye kidevu cha Kinya muuza ndizi. Karwirwa akauliza mbele ya kamati nzima tangu lini Kinya ameota ndevu. Kinya akajibu kwamba afadhali ndevu kuliko mume aliye naye. Walicheka. Mimi sikucheka. Wanawake wale wameamkia soko hilo miaka thelathini, halafu siku ya kuchorwa wachorwe ovyo?

Ndipo nikabandika sheria juu ya meza yetu: kila kundi liwe na jina; lisilo na jina ni takataka, lifutwe. Salesio alinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya karani, lakini Jumatano alitii. Alifuta, akahifadhi, akafunga. Alhamisi nilipofungua picha, Mama yetu hakuwemo. Pale langoni, alipokaa na debe lake la maharagwe meusi ya njahi, palikuwa na udongo mtupu. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Nilimtukana Salesio mbele ya akina mama mpaka akaondoka bila koti lake.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama alikuwa “Kundi 7”, namba iliyotolewa na kompyuta yenyewe. Mbuzi niliwaandika jina, ndizi niliziandika, hata mbwa wa mwenye hoteli. Yeye nilimchora miezi mitatu, matabaka kumi na moja, mikono peke yake matatu, na kila nilipotaka kuandika jina lake vidole viligoma, kana kwamba nikiliandika nitakuwa nimekubali kwamba tulimzika. Salesio alifuata sheria yangu. Aliyeivunja ni mimi. Sheria bado naitetea. Kesho nitampelekea koti lake na kumwambia hivyo hivyo.

Lakini usishangilie, Kaka, kwa sababu na wewe una lako. Picha pekee aliyopigwa Mama akiwa sokoni uliitwaa siku ya arobaini yake, ukasema ni haki ya kifungua mimba, ukaitundika nyuma ya mizani inakorukiwa na mafuta. Nilimchora kwa kumbukumbu kwa kuwa ulininyima, na kumbukumbu hiyo nimeshaitumia yote.

Nisalimie Rahema na watoto. Pole zako sizitaki. Mchoro unachapishwa Ijumaa. Nimefungua kundi jipya langoni, nikaliandika jina la Mama, Jamilah, na ndani yake hamna kitu. Ishushe picha hiyo ukutani, uilete mwenyewe kabla ya Jumatano.

Dada yako,
Zuleka